Simba wetu hazai tena, lakini usiku bado anabweka

Mbwa wetu anaitwa Simba, na ni jike. Aliyempa jina hilo hakuangalia vizuri, na alipogundua kosa mbwa alikuwa ameshazoea kuitika. Mwaka juzi Simba alizaa mara mbili. Mara ya kwanza watoto saba, mara ya pili sita. Wawili walipata wenyewe. Waliobaki, nitasema ukweli, walitupwa kwenye lugga, na aliyetumwa kuwatupa ni mimi.

Ukikulia Kapedo unaijua kazi ya mbwa. Sisi tuko mpakani mwa Turkana na Baringo, na wizi wa mifugo umeacha makaburi pande zote mbili. Februari 2023, serikali ilipotuma jeshi kusaidia polisi kukabiliana na majangili katika kaunti sita, Turkana na Baringo zote zilikuwemo. Mahali kama hapa mbwa si pambo. Ndiye anayesikia kwanza. Ndiyo maana nilipomwambia mjomba kwamba nataka Simba afungwe kizazi, hakuuliza habari ya pesa wala dawa.

"Sasa usiku nani atabweka?"

Swali hilo si la kijinga. Nimelisikia kwa wazee na kwa vijana wenzangu, na wengi huishia hapo. Nikamjibu, "Mjomba, samahani, lakini hebu kumbuka Simba akiwa kwenye joto." Akacheka, maana anakumbuka. Madume ya kijiji kizima yanahamia bomani kwetu. Wiki mbili, wakati mwingine tatu, ni kupigana na kubweka usiku kucha, hadi mtu anavuta blanketi na kulala. Siku mwizi akija kweli, nani atajua kelele ipi ni ya mwizi? Na akishapata mimba, siku 63 hivi baadaye anajifungua, anakaa shimoni na watoto wake, anakonda. Mlinzi yuko likizo!

Kubweka hakukai kwenye kizazi. Mbwa hulinda kwa sababu anajua nani ni wa nyumbani na nani mgeni, na hilo kisu hakiligusi. Dume aliyehasiwa naye hupunguza kuzurura akifuata majike, kwa hivyo saa nyingi utamkuta penye mbuzi. Ila ujue dume anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, usije ukamlaumu daktari.

Kinachonishangaza ni kwamba kuhasi si jambo geni kwetu. Beberu tunawahasi, ngamia vilevile. Mwanamume wa Kiturkana huweza kuitwa kwa jina la maksai wake, na atamwimbia maksai huyo mbele za watu bila kuona haya. Hakuna anayesema maksai amepunguziwa heshima. Kwa mbwa tu ndiyo tunaona kama ni mambo ya watu wa Nairobi, wenye KSPCA na kliniki za mtaani.

Basi nilipokuwa narudi chuoni Lodwar, nikaondoka naye. Tulipanda lori la mbuzi kupitia Lomelo, Lokori hadi Lokichar, kisha tukashika lami. Utingo alimtoza nauli ya mbuzi.

Daktari wa mifugo alimtazama, akamfunua midomo na kukataa kumpasua siku hiyo. Ufizi ulikuwa mweupe, mbavu zinahesabika, na viroboto usiseme. Alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa dawa ya minyoo, akaniambia nimlishe vizuri na tuonane baada ya wiki mbili. Nilikasirika kidogo, maana nilitaka jambo liishe. Baadaye nilielewa kwamba mnyama dhaifu anaweza kufia kwenye usingizi wa dawa.

Dawa ile ya minyoo ndiyo iliyonifanya nikae nimsikilize. Turkana imewahi kuwa na viwango vya haidatidi vilivyo miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Ni tegu mdogo sana anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa humpata akila mapafu au maini ya mbuzi yenye vile vivimbe vya maji, kisha hutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai yanashika manyoya, mikono, maji ya kunywa. Ndani ya mtu uvimbe unakua polepole kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, hadi tumbo linajaa kama la mjamzito. Zamani kwetu mbwa ndiye aliyemsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba. Tangu 1983 AMREF iliendesha mradi wa kuwapa mbwa dawa na kuwatibu wagonjwa, hasa upande wa Lokichoggio.

Kumfunga mbwa kizazi hakuui tegu, tusidanganyane. Dawa inaua, na kufukia au kuchoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa kunamzuia asirudi. Lakini mbwa mmoja unaweza kumpa dawa kila baada ya wiki sita. Kumi na tatu wanaozurura machinjioni utawapa na nini? Chanjo nayo ni hivyohivyo. Kenya inataka kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na kwa hilo angalau asilimia 70 ya mbwa wanatakiwa wachanjwe. Kila uzao mpya ni mbwa wapya wasio na chanjo.

Siku ya upasuaji Simba hakula tangu usiku. Alidungwa sindano ya usingizi, akanyolewa tumbo, akapasuliwa chini ya kitovu, ovari na kizazi vikatolewa, akashonwa. Haikufika saa moja. Alipoamka alitembea kama mlevi wa busaa. Ile kola ya plastiki ya kumzuia asilambe kidonda haikuwepo, kwa hivyo alivaa jezi yangu ya zamani, imefungwa fundo mgongoni. Siku 12 kivulini, bila kuoga, kisha nyuzi zikatolewa. Ingekuwa nyumbani, kazi ingekuwa kumzuia asiwafuate watoto kwenye maji moto.

Gharama? Pamoja na nauli, ni beberu mmoja mnene. Si kidogo. Ukisikia timu ya chanjo inakuja, na nyingi hutoka karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kama wanahasi pia. Lakini kile kiwembe kinachotumika kwa mbuzi kisimkaribie mbwa. Jike hupasuliwa tumbo, na hiyo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inaweza kukushika.

Tulirudi Kapedo Desemba. Usiku wa pili Simba alibweka hadi mjomba akatoka na tochi. Alikuwa fisi. Asubuhi mjomba aliniuliza kama yule daktari anapokea na madume.