Shokapu ngumu haiinui gari lililoshushwa

Askari anayetoka Macomia kwa barabara ya N380 hadi Mocímboa da Praia, kisha akaendelea kaskazini kuelekea Palma na Quionga, karibu na mto Ruvuma, hukuta barabara za namna nyingi katika safari moja. Ipo lami yenye mashimo, upo udongo wenye migongo kama bati, na upo mchanga wa pwani ambao wakati wa masika huchanganyika na tope. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, gari kuharibika njiani katika sehemu hizo limekuwa jambo zito kuliko gharama ya kulitengeneza. Ni watu kusimama mahali pasipofaa kusimama.

Kwa sababu hiyo, yafaa tuzungumzie kosa moja linalofanywa na madereva wengi, wakiwamo askari wenye magari yao binafsi. Magari mengi yaliyotumika huletwa Afrika ya Mashariki na Msumbiji kutoka Japani, na baadhi yake yamekwisha kushushwa na wenyewe wa kwanza. Huko, penye lami laini, gari lililo karibu na ardhi hupita kwenye kona bila kuyumba sana. Likifika pwani ya Cabo Delgado, tumbo hugonga chini. Hapo mwenye gari humwendea fundi na kudai shokapu ngumu kuliko zote zilizopo dukani.

Ndugu msomaji, dai hilo halina msingi. Uzito wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kubonyezwa na shimo. Ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Mafundi wa Msumbiji huiita kwa Kireno amortecedor, yaani kitu cha kufifisha, na jina hilo laeleza vema kazi yake. Hata shokapu ya gesi huinua gari kidogo mno, kwa hiyo anayetaka kuliinua gari hana budi kuanzia kwenye springi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi twaitwika shokapu mzigo wa springi kana kwamba hauna uzito.

Hata hivyo, ni kweli kwamba gari lililoshushwa kwa springi fupi na ngumu huhitaji shokapu ngumu kidogo. Swali ni kiasi gani. Kanuni ya ufundi ni kwamba uzito wa gari usipobadilika, nguvu ya kutuliza hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 30, shokapu huhitaji kuongezewa ugumu kwa asilimia 14 hivi. Anayefunga shokapu yenye ugumu maradufu amepita mno kipimo.

Madhara yake huonekana kwenye barabara yenye migongo kama bati. Gurudumu likipanda mgongo wa kwanza, springi hubonyea. Shokapu ikiwa ngumu kupita kiasi wakati wa kurefuka, springi haipati nafasi ya kurudi kabla ya mgongo wa pili kufika, wala wa tatu. Gari huzidi kuzama hatua kwa hatua, mpaka linakalia vile vipande vya mpira vinavyozuia chuma kugonga chuma. Hivyo shokapu iliyonunuliwa ili kuliinua gari ndiyo inayolishusha! Nayo matairi huruka hewani badala ya kushika ardhi, na tairi lisiloshika ardhi halina breki wala usukani.

Jambo la pili ni urefu. Gari lililoshushwa milimita 40 limepoteza milimita 40 za kubonyea. Shokapu ya urefu wa kawaida ikiwekwa hapo, pistoni yake hufanya kazi karibu na mwisho wa silinda, nayo shimo moja kubwa laweza kuivunja. Ichaguliwe iliyofupishwa kulingana na springi. Kukata springi kwa msumeno au kuilegeza kwa moto wa gesi ni hatari: chuma kilichochomwa hupoteza ugumu wake, na springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia.

Jambo la tatu ni joto. Migongo ya barabara huitikisa shokapu mfululizo, mafuta yakachemka na kutoa povu, na povu haliwezi kutuliza kitu. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alifanikiwa kutengeneza shokapu ya silinda moja yenye gesi iliyoshindiliwa ili kuzuia povu hilo. Kwa safari ndefu za barabara mbovu, shokapu ya gesi ina faida kuliko ugumu peke yake.

Magari ya kazi nayo yamo katika somo hili. Pikapu ya Land Cruiser 79, yenye springi za mkeka nyuma, ikipakiwa askari, maji, mafuta na mifuko ya mchanga, hushuka kama lile gari dogo la Japani. Dawa yake ni kupunguza mzigo au kuweka springi zinazolingana nao, kisha ndipo ichaguliwe shokapu ya kuzituliza.

Kabla ya safari, dereva na akague kama silinda inavuja mafuta, kama bushi zimelika, na kama matairi yamelika kwa mabonde mabonde. Baada ya mwendo kwenye barabara mbovu, asogeze mkono karibu na kila shokapu kwa uangalifu: iliyo baridi huku wenzake ni moto haifanyi kazi. Shokapu zibadilishwe mbili mbili katika ekseli moja. Zile zinazorekebishika zianziwe kwenye kiwango laini, zikazwe kidogo kidogo, na kujaribiwa kwa barabara, mwendo na mzigo ule ule.

Askari hupimiwa viatu kabla ya kupewa, kwa kuwa kiatu kinachobana humwangusha mwenyewe kabla ya adui kumfikia. Na shokapu pia ipimwe hivyo hivyo, kwa springi iliyopo, kwa mzigo unaobebwa, na kwa barabara itakayopitwa kesho.