Alama Ishirini na Udhu wa Adhuhuri

Kutoweza kuzuia haja kubwa ni maradhi ambayo mtu humficha hata daktari. Atalalamikia tumbo, atalalamikia mgongo, kisha ataaga. Ndiyo maana wataalamu waliamua kuyauliza kwa hesabu.

Kipimo mashuhuri kilichapishwa mwaka 1993 na Jorge na Wexner, huko Florida, Marekani. Maswali ni matano: choo kigumu humtoka mgonjwa mara ngapi? Cha majimaji? Upepo? Huvaa pedi? Maisha yamebadilika? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 kwa asiyepatwa kamwe hadi 4 kwa anayepatwa kila siku. Anayefikisha 20 hazuii chochote. Mwaka 1999, Vaizey na wenzake wa hospitali ya St Mark's, London, waliongeza jambo muhimu: haja ikibisha, mgonjwa aweza kuizuia dakika 15?

Sasa yapeleke maswali hayo Makadara, Mombasa.

Tuseme ni mama aliyechanika vibaya alipojifungua, akashonwa, lakini msuli haukushika sawasawa. Choo kigumu hakimtoki: 0. Cha majimaji humponyoka mara moja kwa mwezi, maana kabla ya kutoka hatii kitu tumboni: 2. Pedi? Kamwe, yeye hukunja kipande cha leso kuukuu. Muulizaji asiyejua huandika 0. Upepo humtoka kila siku, 4, na arusini haonekani tena, 4. Jumla ni 10, nusu ya ugonjwa!

Upepo huo, ambao kwingine ni aibu ya dakika moja, hapa huvunja udhu. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa sana pwani, ina njia: mwenye udhuru wa kudumu hutawadha wakati wa kila faradhi ukishaingia, akaswali hata upepo ukimtoka. Ila lazima aulize, na kuuliza ndiko kugumu.

Dodoso la Rockwood la mwaka 2000, lenye maswali 29 kuhusu athari kwa maisha, hutaja ugumu wa kwenda sinema au kanisani. Kuandika "msikitini" badala yake ni rahisi. Udhu bado haujaulizwa.

Alama zina faida yake: zikichukuliwa kabla na baada ya mazoezi ya nyonga, dawa au upasuaji, huonyesha kama mgonjwa amepata nafuu. Hazisemi chanzo. Mwenye msuli uliokatika na mwenye fistula, yaani tundu lililoachwa na uchungu wa muda mrefu, waweza kupata 20 sawasawa. Wa pili anahitaji tundu lizibwe, kazi ambayo hospitali ya Coast General, kisiwani Mombasa humo humo, imewahi kuifanyia kambi maalumu. Kuwatofautisha kunahitaji daktari awapime kwa mkono.