Aliyechomoa Upanga, Akamwogopa Kijakazi

Usiku ule wa Yerusalemu, Yesu alipokamatwa, Petro hakuwa mwoga. Injili ya Yohana inamtaja kuwa ndiye aliyechomoa upanga bustanini na kumkata sikio Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, huku kikosi chenye silaha na mienge kikiwa kimesimama mbele yake. Saa chache baadaye, uani kwa kuhani mkuu, kijakazi aliyekuwa akilinda mlango alimwuliza swali dogo tu: je, naye si mmoja wa wanafunzi wa yule mfungwa? Petro akakana. Alipoulizwa tena akakana tena, na ya tatu ilikuwa ingali mdomoni mwake jogoo alipowika.

Habari hii huhubiriwa mara nyingi kama kisa cha hofu. Ukiisoma taratibu, inasema zaidi ya hapo. Petro alijiandaa kwa vita, yakamkuta maongezi ya kando ya moto. Alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hata wote wakikimbia yeye atabaki. Akaambiwa waziwazi kuwa atakana, akabisha. Gethsemane alipoagizwa akeshe na kuomba, alilala. Kwani mtu aliyejihakikishia hivyo ataomba nini? Kisha akamfuata Yesu kwa mbali, akaingia uani, akaota moto wa makaa pamoja na watumishi na walinzi wa upande uliomkamata Bwana wake. Kila hatua ilimsogeza karibu zaidi na anguko lake, na hakuna hata moja iliyomshtua.

Yohana anautaja moto wa makaa mara ya pili, katika sura ya 21, ufukweni mwa bahari ya Tiberia. Hapo Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana wake, na swali la kwanza linagusa kidonda: je, unanipenda kuliko hawa? Safari hii hajilinganishi na yeyote. Anajibu tu kwamba Bwana mwenyewe anajua.

Miaka kama 20 hivi baada ya usiku ule, Paulo akiwa Efeso aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili na mahekalu ambamo karamu ziliandaliwa. Baadhi ya waumini walikuwa wakienda kula humo bila wasiwasi wowote. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sanamu si kitu, sisi tuna ujuzi, tumebatizwa, tunashiriki Meza ya Bwana, kitatupata nini? Paulo akawarudisha jangwani. Waisraeli nao walivuka bahari, wakala mana, wakanywa maji ya mwambani, na bado wengi wao waliangamia njiani. Baada ya mifano hiyo, katika sura ya 10 ya barua yake, linakuja onyo kwa kila anayejiona amesimama. Mstari unaofuata unaahidi kwamba Mungu huweka njia ya kutokea katika kila jaribu, na huo ndio unaopendwa mimbarini. Wa 14 hutajwa mara chache zaidi, nao unawaamuru waikimbie ibada ya sanamu. Katika sura ya 6 alikwisha kuwapa agizo hilo hilo kuhusu zinaa.

Ndivyo alivyofanya Yusufu nyumbani kwa Potifa: alitoka mbio, vazi lake likabaki mikononi mwa mke wa bwana wake. Hakungoja kuona kama moyo wake ungehimili.

Watafiti wa saikolojia wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 2009, Loran Nordgren na wenzake walichapisha katika jarida la Psychological Science majaribio kadhaa juu ya watu na tamaa zao. Katika jaribio moja, wavutaji sigara walipewa kipimo, kisha wengine wakaambiwa kwamba wana uwezo mkubwa wa kujizuia na wengine kwamba uwezo wao ni mdogo. Majibu hayo yalitolewa kwa bahati nasibu tu. Hayakuhusiana na tabia ya mtu. Baadaye wakatakiwa kutazama filamu yenye sigara tele bila wao kuvuta, na kila mmoja achague sigara yake iwekwe mbali au karibu kiasi gani. Malipo yaliongezeka kadiri mtu alivyojiweka karibu na kishawishi. Walioambiwa kuwa ni imara ndio waliojisogeza zaidi, na ndio walioshindwa zaidi. Sifa ya bure iliwatosha kuwaponza.

Mwinjilisti Billy Graham alilielewa jambo hili mapema. Novemba 1948, akiwa na miaka 30, alikuwa Modesto, California, pamoja na Cliff Barrows, George Beverly Shea na Grady Wilson. Aliwaomba wenzake waende vyumbani wakaorodheshe mambo yanayowaangusha wainjilisti. Waliporudi, orodha zilikaribia kufanana: fedha, zinaa, kuyadharau makanisa ya mahali, na kutia chumvi idadi ya watu mikutanoni. Wakawekeana masharti. Graham aliazimia kutosafiri wala kula akiwa peke yake na mwanamke asiye mke wake, na baadaye akaanza kulipwa mshahara uliopangwa na bodi badala ya kuchukua sadaka za mikutano. Sharti lake kuhusu wanawake limekosolewa, na kwa haki, kwa kuwa linaweza kumfungia mfanyakazi mwanamke nje ya vikao vya maana na kumfanya aonekane mtego. Lakini wanaume wale wanne hawakujifanya malaika.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Moyo wake ulikuwa mkutano wa ushirika, ambapo ndugu walitembea nuruni: mtu alitubu kwa kutaja jambo lenyewe, liwe deni alilokwepa, hasira yake kwa mkewe au kitu alichoiba kwa mwajiri. Wengi walikwenda kurudisha mali. Ndugu hao nao walipata majaribu ya kwao, maana mtu anaweza kujivunia hata kutubu kwake, akawaona wasiosema kama yeye kuwa wamelala. Hata hivyo, ni vigumu kujidanganya muda mrefu mbele ya watu wanaokujua na wanaoruhusiwa kukuuliza.

Pasipo watu wa namna hiyo, hatari huwa kubwa, na Ravi Zacharias ni mfano wa karibuni. Mzaliwa huyu wa India alijulikana duniani kote kwa kuitetea imani ya Kikristo kwa hoja. Malalamiko ya mwanamke mmoja dhidi yake yalipojitokeza hadharani mwaka 2017, huduma iliyobeba jina lake ilisimama upande wake. Zacharias alifariki Mei 2020. Februari 2021 huduma hiyo hiyo ilitoa ripoti ya wachunguzi iliyothibitisha kwamba aliwadhalilisha kingono wanawake waliokuwa wakimkanda mwili, na bodi ikakiri kwamba ilikosea kumwamini. Waliojiamini kupita kiasi hapo hawakuwa mtu mmoja. Taasisi nzima ilikuwa na hakika kwamba mtu wao hawezi kuanguka, na gharama ya hakika hiyo ililipwa na wanawake.

Basi mzee wa kanisa unayesoma haya, kwenye kikao kijacho uliza maswali machache yasiyo na lawama kwa yeyote. Sadaka huhesabiwa na watu wangapi? Nani hukagua simu, safari na matumizi ya mchungaji? Mtu akiwa na malalamiko dhidi yake, ampelekee nani asiyeajiriwa naye? Na wewe mwenyewe, ni nani mwenye ruhusa ya kukuuliza?