Land Cruiser au Patrol? Angalia chini ya gari kwanza

KUNA swali ambalo wafanyabiashara wa Busia huniuliza mara kwa mara, labda kwa kuwa mwalimu hudhaniwa kujua kila kitu: nikipata pesa za gari kubwa la mtumba, nichukue Land Cruiser au Nissan Patrol?

Swali hilo si la anasa. Huku Bulumbi gari la jirani ndilo ambulensi. Mja mzito akishikwa na uchungu usiku, hupakiwa katika gari lililo karibu na kukimbizwa Masafu au Tororo. Likikataa kuwaka, au likimrusharusha mgonjwa mashimoni, hapo ndipo mwenyewe hujua alinunua nini.

Sisi tuliolelewa ukimbizini huiheshimu sana Land Cruiser ya muundo wa 70, gari la mashirika ya misaada. Ni ngumu kweli. Lakini nyuma ina springi za vyuma bapa, zilizokusudiwa mzigo. Ikiwa tupu hurukaruka hadi wazee washike viuno.

Muundo wa 80, ulioanza 1990, una springi za koili kwenye magurudumu yote manne na hutulia zaidi. Wa 100, uliotoka 1998, ni mwororo kuliko yote kwenye lami kwa sababu kila gurudumu la mbele hujitegemea. Jihadhari tu na ile inayopanda na kushuka kwa mafuta ya haidroliki. Ikiwa nzima ni kama kuketi kwenye kochi. Ikiharibika, matengenezo yake ni ghali. Patrol Y61, ya 1997, ina koili na ekseli nzima mbele na nyuma. Ni imara kwenye murram.

Kwa injini, tafuta ile ya Toyota iitwayo 1HZ: diseli, lita 4.2, silinda sita, bila tabo. Haina mbio, na mlimani utapitwa na matatu, lakini fundi wa jua kali anaielewa. TD42 ya Patrol ni ya ukubwa huo huo na haina makuu. ZD30 ya lita tatu ndiyo ya kuogopa, hasa matoleo ya kwanza, yaliyojulikana kwa kuharibu pistoni.

Mimi ningetafuta Land Cruiser 105. Kwa sura ni 100, lakini ina ekseli nzima mbele, na nyingi zina 1HZ.

Sasa ushuru na vibali. Tangu sheria ya 2018, Uganda haisajili gari la abiria linaloingizwa likiwa limetimu miaka 15 tangu liundwe. Muundo wa 100 na 105 ulikoma kuundwa 2007. Basi anayeiona kwa bei nafuu upande wa Kenya, akifikiri ataivusha Busia na kubadilisha nambari, atakwama nayo mpakani. Nunua iliyokwisha kusajiliwa Uganda. Naye anayerejea kutulia kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12.

Kabla ya kulipa, linganisha nambari ya chesisi na ya logibuku. Kisha liendeshe kwenye murram likiwa tupu, ulirudie likiwa na magunia, na umkalishe mama yako kiti cha nyuma.