Mbao Inayojua Kunyamaza

Fundi aliligonga bakuli la kushoto kwa ukucha, akalisogeza sikioni, akaligonga tena. Pembeni palikuwa na sufuria ya chai. Akachukua mfuniko wake akaugonga vilevile. Mfuniko ulilia, mlio ukabaki hewani kitambo kabla ya kufifia. Bakuli lilisema "ko", basi.

"Mbao yenyewe nzuri," akasema. "Ila umeiacha na kiu, mwanangu."

Hapo ni Keko, Dar es Salaam, penye vumbi la msasa na harufu ya vanishi, mahali ambapo watu hupeleka vitanda na makabati. Mimi nilikuwa nimempelekea mzee yule hedifoni. Mabakuli yake mawili yamekerezwa kwa mbao ya mjozi, mti uzaao jozi, na la kushoto lilikuwa limepata ufa mwembamba kama unywele, urefu wake punje ya mchele, ukianzia kwenye tundu la skrubu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiitundika ofisini chini ya kiyoyozi mchana kutwa, kisha jioni naivaa shingoni, napanda nayo pantoni kurudi Kigamboni, kwenye upepo wa bahari. Sikujua kwamba kila siku nilikuwa naikausha na kuilowesha.

Watu wengi wakiiona hedifoni ya mbao hudhani mbao imewekwa ili iimbe, kama kasha la udi. Ni kinyume chake. Uzi wa udi ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo unahitaji ubao mwepesi utikisike pamoja nao. Kwenye hedifoni kazi hiyo ina mwenyewe: kiwambo chembamba chenye koili, kinachosukumwa mbele na nyuma kati ya sumaku. Lakini kiwambo kinapopeleka hewa sikioni, kinapeleka hewa kiasi kilekile nyuma, ndani ya bakuli. Sauti hiyo ya nyuma ndiyo mtihani wa kila mtengenezaji wa hedifoni zilizofungwa. Ikikuta ukuta mgumu ulio bapa inarudi, inapenya kwenye kiwambo na kumfikia msikilizaji ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Na bakuli lenyewe likitikisika, linaongeza sauti ambayo hakuna mwanamuziki aliyeipiga.

Mbao inafaa hapo kwa sababu inajua kunyamaza. Ndani yake ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, na mtikisiko unapopita humo sehemu yake kubwa inageuka kuwa joto dogo lisilohisika. Alumini haina tabia hiyo. Inautunza mtikisiko na kuurudisha, ndiyo maana mfuniko wa sufuria ulilia. Tena mbao hukerezwa kirahisi kuwa duara la ndani lisilo na kuta mbili bapa zinazotazamana, na sauti isiyopata ukuta wa kuirudisha sawasawa huchoka mapema.

Wauzaji husifu kila mti kwa sauti yake: mahogani ina joto, mjozi una utamu, mwanzi una wepesi. Tofauti zipo, sikatai, ila baada ya miaka ya kusikiliza na kufungua hedifoni za kila namna, naamini umbo la bakuli, kitambaa kilichobandikwa ndani na mito ya masikio vina kauli kubwa kuliko jina la mti. Wanaopiga kilarineti wanaujua mjadala huu. Mwaka 1964 mwanafizikia John Backus alichapisha vipimo vyake vya ala za kupuliza na kuonyesha kwamba mtikisiko wa kuta za kilarineti ni mdogo mno kuathiri sauti inayosikika. Kinachoimba ni hewa iliyo ndani. Kwa nini basi kilarineti bora hutengenezwa kwa mpingo, ule ule unaokua Kilwa na Nachingwea na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji? Kwa sababu mpingo ni mzito hata ukitupwa majini unazama, una mafuta yake wenyewe, unatobolewa tundu laini lenye kipimo sahihi, na pumzi yenye unyevu ya mpigaji haiuyumbishi kwa urahisi. Thamani yake ni utulivu.

Ndugu wa mpingo katika jenasi ya Dalbergia, ile ya miti ya rosewood, nao wametumika kwenye hedifoni. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jenasi nzima inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2019 mkutano wake wa Geneva ulilegeza masharti kwa ala za muziki zilizokamilika na kwa bidhaa zisizozidi kilo 10 za mbao kwa shehena. Hedifoni moja inapita hapo bila shida. Hata hivyo, anayenunua na aulize mti umetoka msitu gani. Mpingo huchukua miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuvunwa; aliyeupanda si yeye atakayeukata.

Hedifoni ya mbao iliyonifanya nianze kusoma mambo haya sijawahi kuivaa. Ni Sony MDR-R10 ya mwaka 1989, iliyouzwa kwa dola 2,500 wakati ule. Mabakuli yake yalichongwa kwa zelkova, mti ambao Wajapani huuita keyaki. Kiwambo chake kilikuwa cha selulosi iliyofumwa na bakteria. Hilo lisikushangaze. Mtu aliyewahi kuacha tembo la mnazi likachacha hadi likawa siki ameuona utando mweupe unaoganda juu. Utando ule ni selulosi ya bakteria: nyuzi nyembamba kuliko za mti wowote, zilizosokotana pande zote, nyepesi na ngumu kwa pamoja. Ndizo sifa anazotafuta mtengenezaji wa viwambo. Basi kwenye hedifoni moja selulosi ya mti ilipewa kazi ya kunyamaza, na selulosi ya bakteria ikapewa kazi ya kusema.

Nirudi kwenye ufa wangu. Mbao iliyokauka kwa fundi haijakauka moja kwa moja. Selulosi inashika molekuli za maji kutoka hewani na kuziachia, mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo usiku mwingi mwambao, maji ndani ya mbao husimama karibu na asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Chumba cha kiyoyozi kikishusha unyevu hadi asilimia 50, mbao huelekea asilimia 9. Na haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu wa shina karibu haisinyai kabisa. Kuelekea kiini inasinyaa. Kufuata mzunguko wa pete za mti inasinyaa zaidi. Mjozi ukitoka asilimia 16 hadi 9, kipande cha sentimita 7 kilichokatwa kufuata pete kinaweza kupungua zaidi ya milimita moja. Vanishi hupunguza mwendo wa maji, haiyazuii. Skrubu ya chuma iliyomo haisinyai hata chembe, kwa hiyo mbao inapovutika kuizunguka, inapasuka pale pale. Mahogani, ndugu wa mkangazi wetu, husinyaa kidogo na kwa uwiano mzuri, na hilo kwangu ni sifa kubwa kuliko hilo "joto" la sauti yake.

Dawa ni kuizuia isiyumbe. Unyevu kati ya asilimia 45 na 60 unatosha, na la muhimu ni usibadilike kwa ghafla. Sasa hedifoni yangu inalala kwenye kasha linalofunga vizuri, pamoja na kipima unyevu kidogo na vifuko vya silika ambavyo navikausha vikishiba. Silika ikizidi nayo inakausha kupita kiasi, ndiyo sababu ya kipimo. Kwenye gari lililoegeshwa juani haiachwi hata dakika kumi. Mbao yenyewe naifuta kwa kitambaa kikavu, na mara mbili kwa mwaka naipaka nta ya nyuki kidogo sana, kwa sababu tu vanishi yake ni nyembamba. Iliyopakwa vanishi nene haihitaji nta, inahitaji kufutwa jasho tu.

Jasho ndilo linaloua mito. Ngozi bandia ya poliyurethani huvunjwa na maji: unyevu unakata minyororo ya kikemikali polepole, mpaka siku moja unavua hedifoni na mashavu yana magamba meusi. Mito iliyochakaa inapitisha hewa pembeni, na besi inatoka na hewa hiyo. Mara kadhaa nimeletewa hedifoni "iliyoharibika" ambayo ilihitaji mito mipya tu. Pini za waya nazo, kwa sisi wa pwani, zifutwe. Chumvi haina haraka lakini haisahau.

Suala la umeme limejaa hofu kuliko linavyostahili. Chukua hedifoni ya mjozi inayojulikana sana, Meze 99 Classics ya awali, kutoka Baia Mare nchini Romania: ukinzani wake ni omu 32, na ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli 103. Kwa kilele kikali cha desibeli 110 inataka miliwati 5, ambazo ni volti 0.4 tu. Simu yenye tundu la kawaida inamudu. Sasa chukua ya omu 300 yenye desibeli 97 kwa miliwati moja, aina ambayo karakana ya ZMF ya Chicago inaipenda. Kilele kilekile kinadai miliwati 20, na kwa omu 300 hizo ni karibu volti 2.5. Simu ya volti 1 itacheza, tena kwa sauti ya kutosha, ila ngoma ikipigwa kwa nguvu kilele chake kinakatwa. Hapo amplifaya ina kazi ya haki.

Kabla ya kununua amplifaya, angalia ukinzani wake wa kutolea, ambao wengi hawauangalii. Ukinzani wa hedifoni yenye koili haukai palepale. Hupanda kwenye masafa ya besi ambapo kiwambo hutikisika kwa wepesi. Amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa kutolea itaipa besi sehemu kubwa ya volti, nayo ivimbe bila kualikwa. Uwe chini ya moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni: kwa omu 32, usizidi omu 4.

Na ukishakuwa na nguvu hizo zote, usizitumie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa zinashuka hadi 4. Ile hedifoni ya Romania kwa desibeli 73, kiwango kizuri cha kusikiliza usiku nyumba ikiwa kimya, inatumia sehemu moja ya milioni ya wati. Mabakuli yakiwa kimya na mito ikiziba vizuri, huhitaji kupandisha sauti ili usikie kidole kikiteleza kwenye uzi.

Mzee wa Keko alichanganya gundi nyepesi na vumbi la mbao alilolikwangua ndani ya bakuli lenyewe, akausindilia ufa kwa ncha ya wembe, akapitisha msasa laini mara tatu. Tundu la skrubu alilipanua kidogo, ili mbao ipate nafasi ya kujinyoosha. Alipomaliza nilimvalisha hedifoni, nikamwekea taarabu ya zamani, udi na kanuni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha, wimbo ukiwa unaendelea, akaweka ncha za vidole juu ya mabakuli yote mawili, kama anayepima homa ya mtoto.

"Hayatikisiki," akasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuwa akijisikia.