Sikio la Mkusanyaji: Uteuzi wa Hedifoni na Vyombo vya Kusikilizia Nyimbo katika Miji ya Busia na Malaba

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotumwa nyanjani kukusanya nyimbo hufunzwa mengi: namna ya kuomba idhini, namna ya kumhoji fanani, namna ya kuainisha na kuchanganua. Jambo moja aghalabu husahaulika, nalo ni chombo atakachokitumia kuzisikiliza nyimbo hizo atakaporudi chumbani kuzinukuu. Huchukuliwa kwamba sikio ni sikio na waya ni waya. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Dai letu ni kwamba hedifoni ni kichujio: huyapitisha baadhi ya maneno na kuyazuia mengine. Yaliyozuiwa hayaingii daftarini wala hayaingii katika tasnifu, na atakayeisoma tasnifu hiyo miaka mingi baadaye ataamini kwamba hayakuimbwa.

Tumeiteua miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa sababu ya soko lake na kwa sababu ya lugha zake. Yote miwili imo katika Kaunti ya Busia na ni malango ya kuingilia Uganda. Malaba ndipo reli ya zamani inapovukia mpaka, na ndipo malori yatokayo Mombasa hupanga foleni ambayo mgeni huiona ndefu kuliko mji wenyewe. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na mwenzake Yoweri Museveni wa Uganda. Katika vibanda vya simu vya miji hii, hedifoni hutundikwa mafungu mafungu kama shanga, na muziki utokao humo ni wa kila upande: rumba ya Kongo, nyimbo za Kiganda, benga, Bongo Fleva, na nyimbo za sherehe za Kiteso, Kisamia, Kikhayo na Kimarachi. Mpaka wenyewe uliwakuta watu hawa wakiishi pamoja. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na tangu hapo Wateso na Wasamia wakawa na jamaa zao ng'ambo. Nyimbo hazikugawanyika.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kusema neno kuhusu istilahi, maana wasomaji wa jarida hili hawatatusamehe tukiliruka. Wapo wasemao vipokea sauti vya masikioni, wapo wasemao spika za masikioni, na muuza kibanda hasemi lolote kati ya hayo. Yeye husema hedifoni. Istilahi ya kwanza ni sahihi lakini ni ndefu mno kwa mtu anayetaka kuuliza bei. Tutatumia hedifoni kwa jumla, na inapolazimu tutatofautisha za kufunika sikio na za kutia sikioni.

Hedifoni ni spika ndogo. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya mwembamba na kiwambo chepesi. Umeme upitao katika koili huifanya isukumane na sumaku, kiwambo kikatetemeka na hewa ikatetemeka nacho. Inafaa kukumbuka kwamba chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya maneno na ishara, si kwa ajili ya densi. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alipoliuzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni zake mnamo mwaka 1910, haja ilikuwa kusikia ujumbe wa redio melini. Muziki ulifuata baadaye: John Koss alitoa hedifoni za stirio mwaka 1958, na Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikaufanya usikilizaji wa faragha kuwa jambo la barabarani. Tangu hapo soko limekuwa likivutwa upande mmoja, yaani upande wa besi.

Hapa ndipo penye tatizo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi takriban 20,000 kwa sekunde. Ngoma na gitaa la besi hukaa chini kabisa ya kipimo hicho. Sauti ya kuimba ya mtu huwa juu kidogo, na konsonanti zinazotutambulisha maneno huwa juu zaidi: nguvu nyingi ya sauti /s/ iko juu ya mitetemo 4,000. Mfumo wa simu za zamani ulipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu, ndiyo maana mtu akikutajia jina lake kwa simu hulazimika kumuuliza kama ni /f/ au /s/. Sasa chukua hedifoni iliyotengenezwa kwa kusudi la kumtikisa msikilizaji. Besi imepandishwa, na sauti nzito ina tabia ya kuifunika nyembamba kuliko nyembamba iwezavyo kuifunika nzito. Utakachosikia ni mdundo ulionona na mwimbaji aliye nyuma ya pazia. Thamani ikawa samani. Kwa mnukuzi wa mashairi ya pwani hasara ni kubwa zaidi, kwani lahaja kama Kimvita hutofautisha maana kwa mpumuo tu: paa la nyumba na paa wa mwituni havitamkwi sawa, na mpumuo ni hewa ndogo sana.

Kiteso kinatupa mfano mzito kuliko huo. Lugha hii, kama jamaa yake Kiturkana, ina irabu za mwisho wa neno ambazo hutamkwa bila nyuzi za sauti kutetemeka; hunong'onwa. Mteso huzisikia na kuzitambua, na mwanaisimu huzihitaji ili alielewe umbo la neno. Fanani wa Malaba akiwa na adeudeu, kinubi cha Wateso, au akogo, ile marimba ya mkononi, huenda akasita katikati ya wimbo na kuitupia hadhira maneno ya mzaha au sifa. Katika maneno hayo irabu za mnong'ono hupita kama pumzi. Hedifoni ya besi itazimeza zote, na mnukuzi asiyekijua Kiteso vizuri ataandika maneno yaliyokatwa mikia. Kosa la namna hii halionekani kwa msimamizi wa utafiti, kwa sababu ukurasa ulionukuliwa vibaya hufanana kabisa na ulionukuliwa vizuri.

Basi mtu achague vipi? Maandishi ya boksi hayamsaidii sana. Karibu kila boksi limeandikwa kwamba hedifoni hupitisha mitetemo 20 hadi 20,000, lakini tarakimu hizo hazisemi ni kwa usawa gani. Mtu aweza kusema anafika Kisumu na Nairobi bila kukuambia kwamba moja aliiona kupitia dirisha la basi. Tarakimu ya kuzingatia ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Hedifoni ya omu 16 hadi 32 hutosheka na nguvu ya simu. Zile za studio zenye omu 250 huhitaji amplifaya, na mwanafunzi akizichomeka katika simu atazisikia dhaifu, kisha alaumu chombo kisicho na hatia. Jina la kampuni nalo si hoja katika soko lenye bidhaa bandia. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haisimami kibandani kukuonyesha jina maarufu lililopungukiwa herufi moja.

Wapo wanaoamini kwamba kuvuka ng'ambo kutawapa nafuu ya ushuru. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani kwa shehena, uliwekwa kwa ajili ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Mahindi na maharagwe yamo. Hedifoni iliyotengenezwa China haimo, hata ikikaa Uganda mwaka mzima. Tena, iliyonunuliwa ng'ambo ikiharibika, dhamana yake iko ng'ambo.

Kipimo cha kuaminika ni masikio yako na nyimbo zako. Nenda sokoni na simu yako mwenyewe, usikubali wimbo wa muuzaji, kwa maana ameuchagua unaoipendeza bidhaa yake. Beba rekodi ya mtu akizungumza bila ala, ikiwezekana mzee wa kike, na uisikilize kwa sauti ya chini. Hedifoni nzuri hudumisha maneno hata sauti ikipunguzwa. Mbaya hubakisha mvumo. Kisha weka wimbo wenye ngoma na kiitikio ambao maneno yake unayajua kwa moyo, uone ni wapi yanapotea. Mwisho weka wimbo wa magitaa mawili, kwa mfano rumba ya zamani, uhakikishe kwamba kushoto ni kushoto na kulia ni kulia. Dakika 10 zatosha, na muuzaji atakayekunyima dakika hizo amekwisha kukujibu.

Kuhusu umbo, mazingira ya Malaba yanatoa shauri lake. Injini za malori huvuma mchana na usiku. Hedifoni za kufunika sikio zenye mgongo uliozibwa hupunguza mvumo huo, na zile za umeme zinazofuta kelele hufanya kazi bora zaidi dhidi ya sauti nzito isiyobadilika, ambayo ndiyo sauti ya lori lililosimama. Zenye mgongo wazi hutoa sauti ya asili na pana, ila ni za chumba kimya. Za kutia sikioni zinafaa ikiwa mpira wake umekaa sawasawa. Ukilegea, besi hutoroka na kelele huingia. Mwenye kutembea barabarani na azivue, bodaboda haina simile.

Waya au Bluetooth? Kwa kazi ya kunukuu tunapendelea waya. Bluetooth huibana sauti mara nyingine kabla ya kuirusha, na betri huisha katikati ya ubeti. Waya una faida nyingine inayosahaulika: katika simu nyingi zenye redio, waya wa hedifoni ndio antena. Anayetaka kusikiliza stesheni za FM za nchi mbili, raha mojawapo ya kuishi mpakani, hataipata bila waya huo. Bahati mbaya simu nyingi mpya hazina tena tundu la pini ya milimita 3.5; Apple iliiondoa katika iPhone 7 mwaka 2016 na wengi wakaiga. Adapta ndogo hutatua shida hiyo.

Hedifoni haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa. Diski ya CD hubeba takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 hubeba sehemu moja ya kumi na moja ya hizo. Mfumo wa MP3 hutupa sauti ambazo unakadiria sikio halitazitambua, na makadirio yake ni mazuri kwa raha ya kawaida, si kwa mnong'ono. Mkusanyaji arekodi kwa WAV. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usitumiwe kurekodia nyimbo. Ulitengenezwa kwa mazungumzo, na programu za kuchuja kelele katika simu zaweza kuidhania akogo kuwa kelele. Rekodi ikihitaji kutumwa, itumwe kama hati.

Kwa wasikilizao kwa wufa nyumbani, shauri ni fupi na halina gharama. Usiiweke pembeni mwa chumba, maana kuta mbili huongeza besi isiyoombwa. Chumba kitupu cha saruji huvuma; pazia zito na godoro hukitibu kuliko wufa kubwa zaidi.

Lipo suala la afya ambalo wanafunzi hulipuuza. Shirika la Afya Duniani hushauri kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa juma. Kikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4. Kunukuu wimbo wa dakika 5 kwaweza kuchukua siku nzima ya kurudia rudia, na kila lisiposikika neno mkono hupandisha sauti. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na zinazotangulia kufa kwa kelele huwa ni zile zipokeazo sauti nyembamba, yaani konsonanti zile zile tulizozitafuta. Neno lisiposikika, punguza mwendo wa rekodi, usipandishe sauti.

Au mrudie aliyeliimba. Pini ya kugawanya, inayoziunganisha hedifoni mbili katika tundu moja, ni kifaa cha bei nafuu kabisa katika vibanda hivyo. Fanani avae moja na mnukuzi nyingine, rekodi ichezwe kifungu kwa kifungu, naye aseme kila neno taratibu huku likiandikwa. Wazee wengi hawajawahi kujisikia kwa namna hiyo, na baadhi yao, wakishakisikia kifungu mara ya pili, hukumbuka ubeti walioukosa siku ya sherehe. Kwa hiyo kinasa sauti kiwe tayari kimewashwa.