Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Anapotaka Kuhama Chuo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifeli masomo kadhaa na kutaka kuhama chuo, wazazi huanza na hesabu ya ada na mkopo. Mhudumu wa afya aanze na usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi. Sonona hudhaniwa pale huzuni, au kutopendezwa na jambo lolote, kunapodumu karibu kutwa nzima kwa majuma mawili au zaidi. Huvuruga umakini na kumbukumbu. Kwa hiyo kufeli kwaweza kuwa dalili, si chanzo. Kumwuliza kijana waziwazi iwapo amewaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na uamuzi mkubwa wafaa usubiri. Kuahirisha masomo kwa barua ya daktari kwaweza kumhifadhia nafasi yake. Kuhama kwa haraka kwaweza kuhamishia ugonjwa uleule kwenye bweni jingine. Mzazi amsindikize kliniki, lawama azibakize nyumbani. Akipona na bado fani haimvutii, hapo hoja ya kuhama ni ya kimasomo kweli, nayo ina utaratibu wake uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).